Ilie Ikiitwa, Inyamaze Isipoitwa

Tarehe 30 Januari 1835 hewa ya Washington ilikuwa na unyevu mzito. Ibada ya mazishi ya mbunge Warren Davis wa South Carolina ilikuwa imekwisha ndani ya jengo la Bunge, na waombolezaji walikuwa wakitoka kupitia baraza ya mashariki. Miongoni mwao alikuwamo Rais Andrew Jackson, mzee wa miaka 67, mkongojo mkononi. Mpaka rangi mmoja, Richard Lawrence, alikuwa akimngoja. Akajitokeza, akachomoa bastola aliyoificha ndani ya nguo, akamlenga Rais kutoka hatua chache, akavuta triga. Fataki ikalia, kila aliyekuwa barazani akaisikia. Baruti haikushika moto.

Jackson hakukimbia. Alimwendea na mkongojo umeinuliwa. Lawrence akachomoa bastola ya pili, akavuta. Fataki ikalia tena, na baruti ikagoma tena. Watu wakamrukia na kumwangusha, akiwamo Davy Crockett, mbunge wa Tennessee aliyevuma kwa uwindaji. Bastola zilipochunguzwa zilikutwa zimeshindiliwa vizuri, baruti na risasi mahali pake. Zilipojaribiwa zikalia bila taabu. Wengi wakaulaumu unyevu wa siku ile. Lawrence, aliyejiona kuwa mfalme wa Uingereza, alionekana mahakamani kuwa hana akili timamu, akafungiwa katika nyumba za wagonjwa wa akili hadi alipofariki mwaka 1861.

Kwa anayefuatilia historia ya silaha za kubebwa kwa siri, kisa hiki kina uzito kuliko vingi vinavyosimuliwa. Bastola zilezile, zikiwa na baruti ileile, ziligoma siku moja na kulia siku nyingine. Aliyezibeba hakuwa na njia ya kujua mapema. Na aliyenusurika, ambaye nchi nzima ilimhesabu kuwa amekingwa na Mungu, aliokolewa na udhaifu ambao kila mwenye bastola wa zama zile aliufahamu na kuuogopa.

Udhaifu huo ulikuwa hivi. Fataki ilikuwa kikombe kidogo cha shaba chenye kemikali ndani yake, kinavishwa juu ya kichuchu cha chuma nyuma ya mtutu. Nyundo ikikipiga, cheche hupita kwenye tundu jembamba hadi kwenye baruti. Ilikuwa hatua kubwa kuliko gumegume, lililotegemea jiwe na baruti ya wazi ambayo upepo ungeweza kuipeperusha. Lakini tundu lile lingeweza kuziba kwa masizi, na baruti ingeweza kunyonya maji. Mfuko wa koti ni mahali pabaya kwa vitu vya namna hiyo: kuna jasho, kuna vumbi, kuna nyuzi za kitambaa. Ndiyo maana Henry Deringer, fundi wa Philadelphia ambaye bastola zake ndogo zilienea kote Marekani, aliziuza mara nyingi zikiwa jozi. Mnunuzi hakuiamini moja. Tarehe 14 Aprili 1865, John Wilkes Booth aliingia katika chumba cha Rais Lincoln kwenye ukumbi wa Ford's Theatre na Deringer moja yenye risasi moja, pamoja na kisu. Meja Henry Rathbone alipomkamata, Booth alimkata kwa kisu, kwa sababu bastola ilikuwa imekwisha kazi.

Samuel Colt aliahidi kuiondoa hofu hiyo. Mwaka 1836 alipata hataza ya bastola yenye silinda inayozunguka, na akaanza kuitengeneza Paterson, New Jersey. Chemba moja ikigoma, mtumiaji anavuta nyundo na chemba inayofuata inakuja mbele ya mtutu. Hoja ilikuwa nzuri, chombo chenyewe kikawa na maradhi mapya. Vipande vya fataki iliyopasuka vilidondokea ndani ya mitambo na kukwamisha silinda. Moto wa chemba moja uliweza kurukia nyingine, risasi mbili tatu zikatoka kwa mpigo, hata watu wakajifunza kuziba midomo ya chemba kwa mafuta mazito. Kampuni ya Paterson ilifungwa mwaka 1842. Colt alinyanyuka tena mwaka 1847 baada ya Samuel Walker, aliyekuwa Texas Ranger, kumletea maoni ya watu walioitumia bastola ile vitani, na kwa pamoja wakaunda kubwa zaidi ya risasi sita.

Hatua iliyotibu ugonjwa wa bastola za Lawrence haikutoka kwa Colt, na kwa maoni yangu haipewi heshima inayostahili kwa sababu ilianza na bastola dhaifu sana. Mwaka 1857 Smith & Wesson walitoa rivolva ya chemba saba ya kaliba ya .22, ndogo ya kutosha kukaa kwenye mfuko wa kizibao. Nguvu yake ilikuwa haba. Ila risasi yake ilikuwa imefungwa yote ndani ya ganda moja la shaba: baruti, kemikali ya kuwashia na kipande cha risasi. Maji hayakuwa na pa kupitia. Mtu aliweza kuijaza Jumatatu na kuitegemea Ijumaa, jambo ambalo mababu zake hawakulipata.

Bastola ilipoanza kuaminika kwa kulia, shida ya pili ikajitokeza, na hiyo ndiyo iliyoua polepole na bila kelele za magazeti. Ilikuwa shida ya bastola kulia bila kuitwa.

Rivolva maarufu ya Colt ya mwaka 1873 ilikuwa na chemba sita, lakini wazoefu walijaza tano na kuiacha nyundo ilale juu ya chemba tupu. Nyundo ikilala juu ya risasi hai, pigo moja la nyuma latosha kuifyatua. Januari 1876, Wyatt Earp, askari wa mji wa Wichita ambaye jina lake limekuwa kama hekaya, alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha baa moja. Rivolva ikaponyoka kutoka kwenye ala yake, ikaangukia nyundo, ikalia. Risasi ilipita kwenye koti lake na kutokea darini, na gazeti la mjini likaandika habari hiyo. Hakuna aliyeumia. Earp aliishi hadi mwaka 1929 na kuwa mfano wa mpiga bastola hodari, na bado siku ile umahiri wake haukuwa na nafasi yoyote ya kumsaidia. Mkono haukuwepo kwenye triga.

Mwaka 1887 Smith & Wesson walitoa rivolva ya mfukoni iliyofichwa nyundo kabisa ndani ya mwili wake, isikwame kwenye nguo wakati wa kuchomolewa. Nyuma ya mpini waliweka kipande kinachopaswa kukandamizwa na kiganja, la sivyo triga haivutiki. Inasimuliwa kwamba Daniel Wesson alisukumwa na habari ya mtoto aliyeumia kwa kuchezea bastola ya kampuni yake, kwa sababu kiganja cha mtoto hakiwezi kukaza mpini na kuvuta triga ngumu kwa wakati mmoja. Miaka michache baadaye kampuni ya Iver Johnson ya Massachusetts ilibuni kipande cha kati: nyundo haigusi risasi ila triga imevutwa hadi mwisho na kukiinua kipande hicho kati yao. Matangazo yao yalionyesha mtu akiipiga rivolva iliyojaa risasi kwa nyundo ya fundi seremala. Zilikuwa bastola za bei nafuu, na mamia ya maelfu ya watu wa kawaida walizinunua.

Mmoja wao alikuwa Leon Czolgosz. Tarehe 6 Septemba 1901, kwenye maonyesho ya Buffalo, alisimama kwenye foleni ya kumsalimia Rais William McKinley akiwa ameiviringisha Iver Johnson ya kaliba ya .32 ndani ya leso. Alifyatua mara mbili kupitia kitambaa. Rivolva haikukwama, na McKinley akafariki siku nane baadaye. Ni uchungu kuandika hivyo, lakini historia hii haiandikiki bila huo: mafundi walioondoa kigugumizi cha bastola za Lawrence walimwondolea kila mtu, na waliokufa kwa sababu hiyo wanastahili kutajwa katika hesabu ya maendeleo hayo.

Jimbo la New York lilijaribu kukabiliana na hali hiyo kwa sheria. Sheria ya Sullivan ya mwaka 1911 ilimtaka kila anayebeba silaha ya kufichika awe na kibali. Mwaka huohuo, Machi, jeshi la Marekani lilikuwa likiendesha jaribio ambalo hadi leo ndilo watu wengi hulitaja wanapozungumzia bastola ya kuaminika.

Chanzo chake kilikuwa Ufilipino. Askari wa Marekani waliopigana na Wamoro walilalamika kwamba rivolva zao za .38 hazimsimamishi mtu anayewajia na panga. Mwaka 1904 Kapteni John Thompson na Meja Louis LaGarde, aliyekuwa daktari, walijaribu risasi za aina mbalimbali kwa maiti za binadamu na ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago. Jaribio hilo linatisha kulisoma. Mapendekezo yao yakawa kaliba isiyopungua .45. Kilichobaki ni bastola ya kuirusha, na wakati ule bastola zinazojijaza zenyewe zilikuwa zinaingia. Hizo wahafidhina hawakuziamini, na walikuwa na sababu. Rivolva husukumwa na kidole cha mtumiaji. Bastola ya kujijaza husukumwa na risasi yenyewe: mlipuko lazima uirudishe sehemu ya juu nyuma, ganda litolewe, springi iirudishe mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza kwenye chemba, yote kwa kufumba na kufumbua. Risasi moja dhaifu yatosha kuuvunja mnyororo huo.

John Moses Browning, mtoto wa fundi bunduki wa Ogden, Utah, alifanya kazi na Colt. Washindani wake wa mwisho walikuwa kampuni ya Savage. Kila bastola ilifyatua risasi 6,000, mamia kwa mamia, ikipumzishwa dakika chache ipoe, ikisafishwa na kupakwa mafuta kila baada ya risasi 1,000. Baadaye ziliwekwa vumbi, zikatiwa kutu, zikalishwa risasi zilizopindwa kwa makusudi. Ya Savage ilikwama mara 37. Ya Browning haikukwama hata mara moja. Tarehe 29 Machi 1911 jeshi likaipokea rasmi, nayo ikatumika kama bastola kuu ya jeshi hilo hadi miaka ya 1980.

Watu huishia hapo kwenye sifuri ya Browning. Mimi huvutiwa zaidi na jambo lililotangulia. Askari wa farasi walidai kiongezwe kizuizi cha kidole gumba, kwa sababu mtu aliye juu ya farasi aliyeshtuka, mkono mmoja kwenye hatamu, anahitaji kuinyamazisha bastola yenye risasi kwenye chemba bila kuishusha nyundo kwa hofu. Browning akakiongeza. Waliodai walikuwa watumiaji, na walisikilizwa kabla ya damu kumwagika. Katika historia hii jambo hilo limetokea mara chache mno.

Mara nyingi mambo yalikwenda kama mwaka 1944. Smith & Wesson walikuwa wameuzia majeshi maelfu kwa maelfu ya rivolva za .38, muundo uliokuwepo tangu 1899 na kuheshimiwa na polisi wa nchi nzima. Kwenye meli moja ya kivita rivolva ikaangukia sitaha ya chuma, ikalia, ikamuua baharia. Kizuizi cha ndani kilikuwepo, ila hakikutosha. Kiwanda kikabuni kingine upesi, na bastola zilizotengenezwa baada ya hapo zikaongezwa herufi S kwenye namba zake. Muundo ulikuwa na umri wa miaka 45 ulipomuua baharia yule. Sifa njema ya miaka mingi ilikuwa imeficha kasoro.

Baada ya vita, polisi wa kiraia walibaki na rivolva fupi: Colt Detective Special ya mwaka 1927, yenye mtutu wa inchi mbili na chemba sita, kisha Chiefs Special ya Smith & Wesson ya mwaka 1950, yenye chemba tano. Sababu yao ilikuwa rahisi. Risasi ikigoma, vuta triga tena. Imani hiyo ilitikiswa Miami tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wanane wa FBI walipambana na majambazi wawili kwa dakika chache, maofisa wawili, Benjamin Grogan na Jerry Dove, wakauawa na wengine watano wakajeruhiwa. Wengi wao walibeba rivolva, na aliyejeruhiwa mkono aligundua kwamba kuijaza rivolva kwa mkono mmoja ni kazi isiyowezekana. FBI ikaacha rivolva, ikanunua bastola mpya ya milimita 10 ambayo nayo ilisumbua hata ikarudishwa kiwandani.

Wakati huo jibu lililoenea kote lilikuwa limekwisha kutokea Austria. Gaston Glock wa Deutsch-Wagram alikuwa mtengenezaji wa vyuma vya mapazia na visu vya jeshi. Hakuwahi kubuni bastola. Jeshi la Austria lilipotangaza kuhitaji bastola mpya, alikusanya wataalamu, akawauliza wanataka nini, na mwaka 1982 muundo wake ukachaguliwa. Fremu yake ilikuwa ya plastiki, magazini ilibeba risasi 17, na sehemu zake zote zilikuwa karibu 34. Chenye vipande vichache kina vichache vya kuharibika. Haikuwa na kizuizi cha nje cha kusukuma kwa kidole. Vizuizi vilikuwa ndani, vikifunguka triga inapovutwa.

Polisi wa Marekani waliokuwa wamezoea triga ndefu na nzito ya rivolva walipewa hii iliyo nyepesi, na wengi hawakufunzwa upya vya kutosha. Zaidi ya hayo, ili kuifungua kwa kusafisha ni lazima triga ivutwe kwanza. Aliyesahau risasi kwenye chemba alijipiga au alimpiga mwenzake. Mwaka 1998 gazeti la Washington Post liliripoti kuhusu polisi wa mji mkuu zaidi ya ajali 120 za namna hiyo katika muda wa miaka kumi. Polisi wa New York waliporuhusu bastola za milimita 9 mwaka 1993, walitaka triga nzito kupindukia, karibu kilo tano na nusu. Walitumia springi kufanya kazi ambayo mafunzo yalipaswa kuifanya, na waliolenga kwa triga hiyo walikosa shabaha kwa urahisi zaidi.

Kuanzia sheria ya Florida ya mwaka 1987, jimbo baada ya jimbo liliwarahisishia raia kubeba bastola kwa siri. Leo zaidi ya nusu ya majimbo hayataki hata kibali, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ilikiondoa kile kipengele cha sheria ya New York kilichomtaka mwombaji aeleze haja yake maalumu. Mahitaji ya soko yakawa bastola ndogo na nyembamba, na hapo fizikia inakuwa kali. Sehemu ya juu ikiwa fupi, safari yake ni fupi, springi lazima iwe ngumu, na muda wa risasi kupanda kutoka kwenye magazini unapungua. Mkono uliolegea unainyima bastola egemeo, nayo inakwama. Remington walitoa R51 yao mwaka 2014, ndogo na laini kubeba, wakalazimika kuirudisha kiwandani mwaka huohuo. Wenye uzoefu hawabebi bastola mpya kabla ya kuifyatua risasi mia mbili au zaidi bila kukwama, zikiwamo zilezile watakazobeba. Hawairudishi risasi moja kwenye chemba mara kwa mara, maana kila ikigonga mlangoni kichwa chake husukumwa ndani ya ganda kidogo, na shinikizo huongezeka. Wanasafisha nyuzi za nguo na chumvi ya jasho. Hiyo ndiyo imani ya kweli, imetokana na kazi. Lakini inahusu zaidi ahadi ya kwanza ya bastola, ya kulia ikiitwa. Hakuna raia anayeweza kuipima ya pili, ya kunyamaza isipoitwa, nyumbani kwake.

Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua bastola ya SIG Sauer iliyotokana na P320, ambayo raia na polisi walikuwa wakiibeba tayari. Ilikuwa imefaulu majaribio ya kawaida ya kuangushwa. Agosti mwaka huo wapimaji huru waliiangusha kwa pembe ambayo majaribio hayo hayakuigusa, mgongo ukitangulia kwa mshazari, nayo ikalia. Polisi wa Dallas wakaisimamisha. Kampuni ikatoa marekebisho ya hiari, yakiwamo triga nyepesi zaidi. Tangu hapo watu wengi wamedai mahakamani kwamba P320 zao zililia zikiwa kwenye ala bila triga kuvutwa. Kampuni inakana kabisa, na baadhi ya kesi zimetupwa. Katika mwaka 2024, baraza la wazee wa mahakama huko Georgia na lingine la Philadelphia yaliamua kwamba walalamikaji wana haki, la pili likitoa fidia ya dola milioni 11.

Kesi hizo zinakwenda mahakamani kwa sababu hakuna mahali pengine pa kwenda. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ina uwezo wa kuiondoa sokoni bunduki ya plastiki ya mtoto. Bastola halisi ilitengwa na mamlaka yake, na mwaka 1976 Bunge likalikazia hilo. Sheria ya mwaka 2005 iliwakinga watengenezaji na kesi nyingi, ikaacha mlango wazi kwa kasoro za bidhaa. California ilijaribu njia nyingine: tangu 2001, muundo wa bastola unaotaka kuuzwa dukani kule lazima ufyatue risasi 600 bila kukwama zaidi ya mara sita, kisha uangushwe kwenye zege kutoka zaidi ya mita moja bila kulia. Naiona kuwa sheria ya busara, na naona aibu kwamba taifa lililomfanyia Browning jaribio lile kali kwa ajili ya askari wake halijamfanyia lolote la namna hiyo mama anayebeba bastola kiunoni mtoto wake akiwa mgongoni. Mpaka Bunge litakapoirudishia tume ile mamlaka iliyonyimwa, marekebisho ya kasoro yataendelea kuwa ya hiari ya kiwanda, na mwenye bastola ambaye hajasikia tangazo lake ataendelea kuibeba kama ilivyotoka dukani.